Redio ya Kisiwa: Ni Mali ya Nani?

(Somo la historia lililotolewa katika redio kwa madarasa ya watu wazima, na kupigwa chapa ili lisomwe darasani)

  Wenye karatasi ya somo mkononi wafuate kwa kidole, mstari kwa mstari. Asiyeweza bado kusoma neno refu asione haya. Na asikilize kwanza, kisha alirudie pamoja na mwenziwe.

Leo tutazungumza habari za chombo hiki hiki kinachowaletea sauti yangu, yaani redio. Hatutasema jinsi kinavyotengenezwa. Tutauliza swali moja tu: Redio ni mali ya nani? Sisemi kile kisanduku kilicho mezani, maana hicho ni mali yako wewe uliyekinunua. Nasema kituo chenyewe, pale sauti inapotoka. Nani anakilipia? Nani anampa mtangazaji ruhusa ya kusema? Na nani aweza kumwambia "Nyamaza," naye akanyamaza?

Ili tupate jibu, twende mbali kidogo, mpaka Kisiwa cha Man huko Ulaya. Nimekichagua kwa sababu katika muda wa miaka minne tu, tangu 1964 mpaka 1968, watu wa kisiwa hicho waliona aina tatu za redio: redio ya kampuni, redio ya meli isiyo na ruhusa ya serikali yo yote, na redio ya Serikali yao wenyewe. Si nchi nyingi zilizoyaona yote matatu kwa muda mfupi hivyo.

KISIWA CHENYEWE

Kisiwa cha Man kimo katika Bahari ya Ireland, katikati ya Uingereza na Ireland. Ni kisiwa kidogo. Ukubwa wake ni kama kilomita za mraba 572. Kisiwa chetu cha Unguja ni kikubwa zaidi ya mara mbili ya hicho. Mji mkuu wake ni Douglas. Mlima wake mrefu kupita yote huitwa Snaefell, nao una urefu wa meta 621. Watu waliohesabiwa mwaka 2021 walikuwa kama 84,000. Zamani kazi zao zilikuwa kulima, kuvua samaki, kuchimba madini, na kuwapokea wageni waliokuja kupumzika wakati wa joto. Tangu mwaka 1907 kisiwa hicho kimejulikana sana kwa mashindano ya pikipiki, ambayo hukimbizwa katika barabara zile zile wanazotumia watu siku zote.

Sasa sikilizeni vizuri jambo hili, maana ndilo mzizi wa hadithi yetu. Kisiwa cha Man si sehemu ya Dola ya Uingereza kama London au Liverpool zilivyo. Mfalme wa Uingereza ndiye mkuu wake, na huitwa Bwana wa Man. Lakini kisiwa kina Bunge lake, nalo huitwa Tynwald. Kina sheria zake na kodi zake. Mambo ya ulinzi na ya nchi za nje ndiyo yaliyo mikononi mwa London. Kwa hiyo watu wa Man ni kama mtu aliyepewa nyumba ndani ya boma la mkubwa wake. Ndani ya nyumba anatawala yeye, lakini ufunguo wa lango la boma hanao.

Bunge hilo ni la kale sana. Wenyewe husema lina umri wa zaidi ya miaka elfu, na mwaka 1979 walisherehekea miaka elfu hiyo. Sehemu yake inayochaguliwa na watu huitwa Nyumba ya Keys, nayo ina wajumbe 24. Na tangu mwaka 1881 wanawake wenye mali, wasio na waume, walipewa haki ya kuchagua wajumbe hao, miaka mingi kabla ya wanawake wa Uingereza.

Kila mwaka, mwezi wa Julai, Bunge hutoka nje na kukutana juu ya kilima kidogo mahali paitwapo St John's. Hapo sheria mpya husomwa kwa sauti mbele ya watu wote, kwa Kiingereza na kwa Kimanx, lugha ya asili ya kisiwa. Si kila neno la sheria husomwa siku hizi, bali jina lake na maelezo mafupi. Sheria isiyosomwa kilimani katika muda wa miezi 18 tangu ipitishwe hufa. Kwa nini? Kwa sababu zamani watu wengi hawakujua kusoma. Wazee wa kisiwa waliona si haki kumhukumu mtu kwa sheria ambayo hakuisoma wala hakuisikia. Tazameni basi: kabla ya redio kuwako duniani, watu hao walikwisha jua kwamba neno la watawala lazima lifike masikioni mwa watu.

MAMBO MATATU YA REDIO

Kabla hatujaendelea, tujifunze mambo matatu ambayo kila kituo cha redio hukihitaji au huyahitaji.

La kwanza ni fedha. Mitambo hununuliwa, umeme hulipiwa, na watangazaji hawali upepo. Fedha za redio hutoka katika mifuko mitatu: kodi ya watu, matangazo ya biashara, au michango ya wasikilizaji wenyewe.

La pili ni wimbi. Sauti ya redio husafiri hewani juu ya mawimbi tusiyoyaona. Mawimbi hayo si mengi kupita kiasi. Vituo viwili vikitumia wimbi moja mahali pamoja, sauti zao hugongana na msikilizaji hasikii lo lote. Ni kama watu wawili wanaosema kwa pamoja katika baraza moja. Ndiyo sababu mawimbi hugawanywa kwa mapatano baina ya nchi na nchi. Tena mawimbi hayako sawa. Yako masafa ya kati, ambayo huenda mbali, hasa usiku. Na yako mawimbi mafupi sana yanayosafiri kama mwanga wa taa, kwa mstari ulionyoka. Haya hutoa sauti safi, lakini hayaendi mbali, na mlima huweza kuyazuia.

La tatu ni leseni, yaani hati ya ruhusa. Katika leseni huandikwa wimbi gani litatumika, kwa nguvu kiasi gani, na masharti gani yatafuatwa. Anayeandika leseni ana uwezo mkubwa kuliko anayenunua mitambo. Wekeni neno hilo moyoni.

KWA NINI WALITAKA REDIO YAO

Katika miaka ya 1950 kisiwa cha Man kilikuwa katika shida. Wageni walikuja wakati wa joto tu, na wakati wa baridi kazi zilikuwa haba. Vijana walifunga mizigo wakaenda kutafuta maisha Uingereza na ng'ambo. Mwaka 1951 watu wa kisiwa walikuwa zaidi ya 55,000. Mwaka 1961 walibaki kama 48,000. Katika miaka kumi tu, mtu mmoja katika kila wanane alikuwa ametoweka. Wazee wa kwetu walioona vijana wakikimbilia mjini wanajua uchungu wake.

Wakati huo redio iliyosikika kisiwani ilikuwa ya BBC, shirika la utangazaji la Uingereza. BBC ilianza kama kampuni mwaka 1922, na mwaka 1927 ikawa shirika la umma. Ililipiwa kwa ada ya watu wenye redio, wala haikutangaza biashara. Tena ndiyo iliyokuwa na ruhusa peke yake. Redio nyingine ya ndani haikukubaliwa. Ilikuwa redio nzuri yenye sifa duniani, lakini habari za kisiwa kidogo zilipata nafasi ndogo mno humo. Mvuvi wa Man alisikia habari za London kila siku, na za bandari yake mwenyewe mara chache.

Wajumbe wa Tynwald wakafanya shauri. Walitaka redio itakayosema mambo ya kwao, itakayowaita wageni, na itakayoingiza fedha kwa matangazo ya biashara. Baadhi yao walitaka kituo chenye nguvu nyingi, kisikike Uingereza nzima na hata Ulaya. Lakini mambo ya mawimbi yalikuwa chini ya Posta Kuu ya London. London haikupenda. Mawimbi yalikuwa machache. Tena kituo cha biashara chenye nguvu, kilicho kisiwani, kingeingia katika kila nyumba ya Uingereza, mahali ambapo sheria haikuruhusu redio ya biashara. Wakabishana kwa muda mrefu. Mwisho London ikatoa leseni, lakini ilikuwa leseni ya nguvu ndogo, ya kusikika kisiwani tu.

REDIO YA KAMPUNI

Hivyo ndivyo Manx Radio ilivyoanza, mwezi wa Juni 1964. Ilikuwa redio ya kwanza ya biashara yenye leseni katika visiwa vyote vya Uingereza. Uingereza yenyewe haikuwa na redio ya namna hiyo ya ndani mpaka Oktoba 1973. Kisiwa kidogo kikatangulia kwa miaka tisa.

Msifikiri ilianza katika jumba kubwa. Ilianza ndani ya nyumba ya magurudumu, ile inayokokotwa na gari, iliyowekwa Onchan karibu na mji wa Douglas. Nyuma yake ilikuwako kampuni ya Pye, iliyokuwa ikitengeneza redio na televisheni huko Cambridge. Pye ilikuwa na sababu yake. Ilitaka kuonyesha kwamba redio ndogo ya mahali pamoja yaweza kufanya kazi; vituo vya namna hiyo vikiongezeka, mitambo nayo itanunuliwa. Hakuna ubaya katika hilo, lakini ni vema kulijua. Mfanya biashara akileta kisima kijijini, uliza kama anauza pampu.

Redio ilitangaza mashindano ya pikipiki, habari za kisiwa, muziki na biashara za maduka. Watu wakafurahi kusikia sauti za kwao. Lakini kulikuwa na shida. Mwanzoni ilitumia yale mawimbi yanayosafiri kwa mstari, na redio nyingi za watu nyumbani hazikuweza kuyapokea. Baadaye ikapewa na masafa ya kati, lakini kwa nguvu haba sana. Hapo ndipo hesabu inapokuwa ngumu. Nguvu ikiwa ndogo, wasikilizaji huwa wachache. Wasikilizaji wakiwa wachache, wenye maduka hawatoi fedha nyingi za matangazo. Na fedha zikiwa chache, redio hudhoofika.

REDIO YA MELI

Manx Radio ilikuwa bado changa sana wakati jambo la ajabu lilipotokea baharini. Mwezi wa Julai 1964 meli ilikuja ikatia nanga katika ghuba ya Ramsey, upande wa kaskazini-mashariki wa kisiwa. Jina lake lilikuwa Fredericia. Zamani ilikuwa meli ya kuvusha abiria huko Denmark. Sasa ilikuwa na mlingoti mrefu kupita kiasi, na ndani yake mlikuwa na kituo kizima cha redio. Kituo hicho kiliitwa Radio Caroline. Kilianzishwa na kijana wa Ireland, Ronan O'Rahilly, na kilianza kutangaza siku za Pasaka, Machi 1964, karibu na pwani ya mashariki ya Uingereza. Kisha meli nyingine ikabaki huko kusini, na Fredericia ikaja Man.

Kwa nini kukaa melini? Kwa sababu mamlaka ya nchi wakati ule yaliishia maili tatu kutoka pwani. Meli ile ilikaa nje ya mpaka huo, chini ya bendera ya Panama. Haikuwa na leseni ya London, wala ya Man. Ilijitwalia wimbi. Watu wakaziita redio za namna hiyo "maharamia," ingawa hazikumteka mtu.

Meli ilikuwa na mtambo wa nguvu nyingi kuliko ule wa Manx Radio. Ilipiga muziki wa vijana mchana kutwa, jambo ambalo BBC haikulifanya wakati ule. Ilisikika kaskazini ya Uingereza, Scotland na Ireland, nayo ikapendwa mno. Tazameni kinyume hiki: redio ya kisiwa, yenye leseni, ilinong'ona, na redio ya meli, isiyo na leseni, ilipiga kelele kutoka mbele ya mlango wa kisiwa hicho hicho.

Je, watu wa Man waliichukia? Hapana. Wengi waliipenda. Chakula na mahitaji ya meli yalipitia bandari ya Ramsey, na wenye maduka wakapata faida. Tena jina la kisiwa lilitajwa hewani. Walisema, "Meli hii inatufanyia yale ambayo London imetukataza kujifanyia."

SHERIA YA MWAKA 1967

Serikali ya Uingereza iliona mambo kwa jicho jingine. Ilisema kwamba redio za baharini zinaiba mawimbi waliyogawiwa wengine, zinaweza kuvuruga simu za kuokoa meli na watu, na hazilipi haki za watunzi wa muziki ipasavyo. Hoja hizo hazikuwa za bure. Basi mwaka 1967 Bunge la London likapitisha sheria. Ilikuwa kosa kufanya kazi katika redio za namna hiyo, kuzipelekea chakula, au kuzipa matangazo ya biashara. Sheria ilianza kutumika Uingereza tarehe 15 Agosti 1967.

Lakini je, kisiwa cha Man? Kisiwa kina Bunge lake. London ikataka Tynwald ipitishe sheria kama hiyo. Shauri likaletwa mbele ya Nyumba ya Keys, na wajumbe wakalikataa. Hawakukataa kwa sababu ya muziki tu. Walikuwa wamekwisha omba nguvu zaidi kwa redio yao, wakanyimwa. Sasa wanaambiwa wafunge na ile nyingine. Wakaona heshima ya Bunge lao imeguswa.

London haikungoja. Kwa amri ya Malkia katika baraza lake, sheria ile ikafikishwa mpaka kisiwani, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Septemba 1967, ingawa Nyumba ya Keys ilikuwa imesema hapana. Watu wa Man wakakasirika sana. Hapo ndipo wengi walipofahamu kwamba lile Bunge la miaka elfu, katika jambo la redio, halikuwa na ufunguo wa lango. Baada ya hayo wajumbe wa pande mbili walikaa pamoja kuzungumza juu ya mipaka ya mamlaka ya kisiwa na ya London. Redio ndiyo iliyowakalisha mezani.

Ndugu zangu, msifanye haraka kusema nani alikuwa na haki. London ilikuwa na hoja: bahari isiyo na sheria haimfai mtu. Man nayo ilikuwa na hoja: watu waliochagua Bunge lao wana haki ya kusikilizwa. Mwanafunzi wa historia huzipima hoja zote mbili kabla ya kuhukumu.

REDIO YA SERIKALI

Meli ile iliendelea kutangaza miezi michache tu. Mwezi wa Machi 1968 ikakokotwa mpaka Amsterdam, pamoja na mwenzake wa kusini. Haikuchukuliwa na askari wa London. Ilichukuliwa na watu wa kampuni ya meli waliokuwa wakiidai. Redio iliyowashinda wakubwa kwa miaka minne ilishindwa na deni.

Mwaka huo huo wa 1968, Serikali ya kisiwa cha Man ilikinunua kituo cha Manx Radio. Tangu hapo mpaka leo redio hiyo ni mali ya kisiwa chenyewe. Haikufanywa idara ya Serikali kama posta au barabara. Iliachwa iwe kampuni, lakini hisa zake ni za Serikali. Hisa ni sehemu za umiliki wa kampuni. Kampuni ikigawanywa kama mkate, kila kipande ni hisa, na mwenye vipande vingi ndiye mwenye sauti kubwa.

Fedha zake hutoka katika mifuko miwili. Mfuko mmoja ni matangazo ya biashara. Wa pili ni ruzuku, yaani fedha ambazo Serikali huitolea redio kila mwaka kutoka katika kodi, kusudi ifanye kazi za umma ambazo hazilipi: habari, matangazo ya hatari, vipindi vya lugha, na habari za Bunge. Siku ile ya Julai, sheria zinaposomwa kilimani, redio huipeleka sauti hiyo kwa wasioweza kufika St John's. Kilima cha kale kimepata mlingoti.

Lugha nayo ilipata msaada. Mtu wa mwisho aliyekua tangu utoto akisema Kimanx, mvuvi mzee aitwaye Ned Maddrell, alifariki mwezi wa Desemba 1974. Lakini wengine walikuwa wamejifunza kwake na kwa wazee wenziwe, na sauti zao zilikuwa zimehifadhiwa katika mitambo. Leo wako watoto wanaosomeshwa kwa Kimanx, na redio ina vipindi vya lugha hiyo. Kampuni inayotafuta faida tu isingeona sababu ya kutangaza kwa lugha ya watu wachache hivyo, maana muuza sabuni hapati wateja humo.

Sasa swali gumu. Redio ikiwa mali ya Serikali, je, yaweza kuikosoa Serikali? Mbwa huweza kumbwekea anayempa chakula? Watu wa Man wamejadiliana jambo hili miaka mingi, na ruzuku hubishaniwa kila mara katika Tynwald. Njia yao ni kutenganisha mikono. Mkono unaotoa fedha ni Serikali. Mkono unaoendesha kazi ya kila siku ni wakurugenzi wa kampuni. Na leseni hutolewa na chombo kingine cha kisiwa, chenye masharti kwamba habari zisipendelee upande. Mawaziri huhojiwa katika redio hiyo, na wananchi hupiga simu kulalamika. Kutenganisha huko si kinga kamili. Ni kama ua wa miti: humzuia ng'ombe siku zote ukitengenezwa, lakini ukiachwa msimu mmoja hupitwa. Baadaye redio za watu binafsi nazo zilipewa leseni kisiwani, na sasa msikilizaji ana nafasi ya kuchagua.

TULINGANISHE NA KWETU

Wasikilizaji, hadithi hii haiko mbali sana nasi. Zanzibar nayo ina Serikali yake na Baraza lake la Wawakilishi ndani ya Jamhuri ya Muungano. Redio yake, Sauti ya Unguja, ilianza mwaka 1951 chini ya serikali ya wakati wa ukoloni. Mapinduzi yalipotokea tarehe 12 Januari 1964, kituo cha redio cha Raha Leo kilishikwa mapema, na kwa redio hiyo watu walimsikia John Okello akitangaza kwamba utawala umebadilika. Wengi waliisikia sauti kabla hawajajua ni nani anayesema. Kwa hiyo mwaka ule ule wa 1964, visiwa viwili vilivyo mbali kabisa vilijifunza somo moja kwa njia mbalimbali: mwenye redio ana kitu kikubwa mkononi.

Baadaye kituo hicho kikaitwa Sauti ya Tanzania Zanzibar, na mwaka 2013 kikaunganishwa na Televisheni ya Zanzibar, iliyoanzishwa mwaka 1973, vikawa Shirika la Utangazaji Zanzibar. Majina yalibadilika na wenye mamlaka walibadilika. Swali halikubadilika: ni mali ya nani, na inamtumikia nani?

TUJUMLISHE

Sasa tukusanye tuliyojifunza. Redio ya kampuni ilileta ujuzi na mitambo, lakini ilitegemea wenye maduka. Redio ya meli ilileta furaha na uhuru, lakini haikumjibu mtu ye yote, na mwisho ilizama katika deni. Redio ya Serikali ilikaa muda mrefu na kuihifadhi lugha, lakini yataka ulinzi siku zote ili isiwe mdomo wa wakubwa peke yao. Hakuna umiliki usio na kasoro. Lililo baya kuliko yote ni wasikilizaji kutojua umiliki huo ni upi.

Ndiyo sababu somo hili limeletwa kwa ninyi mnaojifunza kusoma. Sauti hupita, lakini hati hubaki. Leseni ni karatasi. Hisa ni karatasi. Amri ya mwaka 1967 ilikuwa karatasi. Watu wa Man waliweza kubishana na London kwa sababu walizisoma karatasi hizo, wakajua kila neno linasema nini. Nanyi mtakapokuwa mmeweza kusoma vizuri, mtaweza kuuliza juu ya redio, juu ya ushirika wenu, juu ya kisima na shule: hati iko wapi, na imeandikwa jina la nani?

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Redio hupata fedha zake katika mifuko mitatu. Itajeni. Kila mfuko una faida gani, na hatari gani?

2. Kwa nini London haikutaka redio ya kisiwa cha Man iwe na nguvu nyingi? Je, mnaona hoja hizo zilikuwa za haki?

3. Nyumba ya Keys ilikataa sheria, lakini sheria ikaja. Mngekuwa wajumbe, mngefanya nini?

4. Redio mnayoisikiliza zaidi nyumbani kwenu ni mali ya nani? Asiyejua aulize, kisha aje kulieleza darasa juma lijalo.

5. Andikeni maneno haya, na kila moja mlitumie katika sentensi yenu wenyewe: leseni, wimbi, hisa, ruzuku, mtangazaji.

Wanaoweza kuandika wawasaidie wenzao, bila kuwacheka.